Sukari ya Kenya: kinga ya COMESA imekwisha, mkulima wa miwa bado yuko pale pale

Kwa zaidi ya miaka 20 soko la sukari la Kenya lilikuwa na kinga maalum ndani ya Soko la Pamoja la Nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, COMESA. Kinga hiyo iliongezwa muda tena na tena, na nyongeza ya mwisho, iliyotolewa mwaka 2023 kwa miaka 2, ilifikia kikomo Novemba 2025. Miezi michache kabla ya hapo, Mei 2025, serikali ya Kenya ilikuwa imekwisha kukabidhi viwanda vyake 4 kwa makampuni binafsi kwa mkataba wa ukodishaji wa miaka 30.

Mambo hayo mawili, yakichukuliwa pamoja, ndiyo mabadiliko makubwa zaidi katika sekta hiyo tangu miaka ya sabini. Kwa wafanyabiashara wa Uganda, Zambia, Malawi, Misri na Mauritius swali ni moja tu: je, mlango wa Kenya sasa uko wazi? Kwa wakulima wa Kakamega, Bungoma, Busia, Kisumu na Migori swali ni jingine kabisa, nalo ni la zamani. Wanauliza watalipwa lini.

Swali hilo la pili ndilo linaloeleza kwa nini la kwanza limechukua muda mrefu kiasi hiki kupata jibu.

Sekta iliyojengwa na serikali

Miwa ya biashara ilianza Kenya wakati wa ukoloni. Kiwanda cha Miwani, karibu na Kisumu, kilianzishwa mwaka 1922, na jina lenyewe lasema kilichokuwa kikilimwa pale. Kile cha Ramisi, pwani ya kusini, kilifuata mwaka 1927. Baada ya uhuru serikali iliamua kwamba nchi ijitosheleze kwa sukari na kwamba eneo la magharibi, ambalo halikuwa na chai nyingi wala kahawa nyingi, lipate zao lake la fedha. Muhoroni ilifunguliwa mwaka 1966, Chemelil 1968, Mumias 1973, Nzoia 1978 na South Nyanza, maarufu kama Sony, mwaka 1979.

Viwanda hivyo havikuwa viwanda tu. Kila kimoja kilizaa mji. Awendo bila Sony isingekuwa Awendo inayojulikana leo, na Mumias ilipata shule, zahanati, nyumba za wafanyakazi na barabara kwa sababu matrekta ya miwa yalihitaji kupita. Hata mpira wa miguu ulitegemea sukari. Sony Sugar ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2006, na Chemelil na Nzoia nazo zilikuwa na timu zao ligi kuu. Novemba 2019 Sony ilifukuzwa ligi kuu kwa kushindwa kufika uwanjani mara 3, kwa kukosa fedha. Mtu asiyesoma hesabu za makampuni angeweza kuijua hali ya sekta hii kwa kutazama msimamo wa ligi.

Serikali na wadau wa sekta wamekuwa wakitaja idadi ya watu milioni 6 hivi wanaoitegemea sukari, moja kwa moja au kwa njia nyingine. Humo wamo wakulima wadogo wapatao robo milioni na zaidi, wakata miwa, wenye malori, wenye maduka ya pembejeo, mama lishe wa milangoni mwa viwanda, na familia zao. Takwimu kama hiyo ni rahisi kuitilia chumvi, na wanasiasa hufanya hivyo kila uchaguzi. Lakini mtu yeyote aliyewahi kuwa Mumias au Muhoroni mwezi ambao kiwanda hakikulipa anajua kwamba si porojo. Maduka hufungwa mapema, na walimu wakuu huanza kuwarudisha watoto nyumbani kwa ajili ya karo.

Kinga ilivyopatikana

Kenya ilijiunga na eneo huria la biashara la COMESA mwaka 2000. Muda si mrefu ikabainika kwamba sukari yake haiwezi kushindana. Malawi, Zambia na Swaziland, ambayo sasa huitwa Eswatini, hulima kwa umwagiliaji na huvuna tani nyingi zaidi kwa hekta. Miwa ya Kenya hutegemea mvua, na katika sehemu nyingi hukaa shambani miezi 18 hadi 24 kabla ya kukatwa, wakati kwa majirani hao miezi 12 au zaidi kidogo hutosha. Kwa miaka mingi gharama ya kutengeneza tani moja ya sukari Kenya imekuwa ikikadiriwa kuwa karibu mara 2 ya gharama ya nchi hizo.

Kenya ikaomba kinga chini ya kanuni za COMESA, ikapewa. Sukari ya nchi wanachama iliruhusiwa kuingia bila ushuru kwa kiwango maalum tu, tani 200,000 kwa mwaka katika kipindi kilichoanza 2004, na iliyozidi hapo ililipiwa ushuru. Mwaka 2008 kinga iliongezwa kwa ratiba iliyoonekana kuwa ya mwisho. Kiwango kingepanda kila mwaka, na ushuru wa ziada ungeshuka kutoka asilimia 100 hadi 70, kisha 40, kisha 10, na kufikia sifuri mwaka 2012.

Mwaka 2012 ulifika, Kenya ikaomba tena. Ikaomba tena 2014, na 2015, na kuendelea. Kila mara masharti yalikuwa yale yale kwa kiasi kikubwa: viwanda vya serikali viuzwe au viendeshwe na watu binafsi, mkulima alipwe kwa kiasi cha utamu ulio kwenye muwa badala ya uzito peke yake, mbegu zinazokomaa haraka zisambazwe, barabara za mashambani zitengenezwe, na viwanda vizalishe umeme na ethanoli badala ya kutegemea sukari tu.

Katika kipindi chote hicho miwa iliendelea kulipwa kwa uzito. Aina ya CO 421, iliyoletwa kutoka Coimbatore, India, miongo mingi iliyopita, iliendelea kutawala mashamba mengi ingawa kituo cha utafiti cha Kibos kilikuwa kimetoa mbegu bora. Mumias peke yake ndiyo iliyopiga hatua kubwa. Iliingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2001, ikaanza kuuza umeme kwenye gridi ya taifa mwaka 2009 kwa kuchoma makapi ya miwa, kisha ikajenga mtambo wa ethanoli. Na Mumias hiyo hiyo, kiwanda kikubwa kuliko vyote nchini, ikawekwa chini ya mrasimu na benki yake Septemba 2019, ikiwa imelemewa na madeni na tuhuma za usimamizi mbovu.

Kati ya bei mbili

Ni nani basi aliyefaidika na kinga hiyo? Jibu linapatikana kwa kutazama pengo la bei kati ya sukari ya ndani na ile ya soko la dunia. Nje ya COMESA na Jumuiya ya Afrika Mashariki, sukari inayoingia Kenya hutozwa ushuru wa pamoja wa asilimia 100. Ndani ya COMESA kulikuwa na kikomo cha tani. Kwa hiyo kipande cha karatasi kinachomruhusu mtu kuingiza sukari bila ushuru kikawa na thamani kuliko shamba la miwa. Mwenye kibali hakuhitaji kupanda, kupalilia wala kusaga. Alihitaji meli na jina kwenye orodha.

Mwaka 2017 ulionyesha jambo hilo waziwazi. Ukame ulikuwa umepunguza miwa, bei ya dukani ilikuwa imepanda sana, na uchaguzi mkuu ulikuwa Agosti. Serikali ikaondoa ushuru kwa muda. Sukari iliyoingia mwaka huo ilikaribia tani milioni 1, wakati uzalishaji wa ndani ulikuwa takriban tani 376,000. Maghala yakajaa. Viwanda vya ndani vikashindwa kuuza, na vilivyoshindwa kuuza havikuwalipa wakulima. Mwaka uliofuata kukazuka kashfa ya sukari iliyodaiwa kuwa na zebaki na shaba, kamati ya bunge ikachunguza, na Agosti 2018 wabunge wakaikataa ripoti ya kamati hiyo. Wakulima waliokuwa wakidai fedha zao waliisikia kashfa hiyo redioni kama watu wengine.

Kuna pia sukari ya viwandani, ile nyeupe inayotumiwa na watengenezaji wa soda, biskuti na dawa. Hiyo huruhusiwa kuingia kwa ushuru uliopunguzwa kwa sababu Kenya haikuwa ikiitengeneza kwa wingi. Malalamiko kwamba sehemu yake huishia kwenye pakiti za mezani ni ya siku nyingi.

Na iko ya magendo. Busia na Malaba sukari ya Uganda huvushwa kwa njia za panya, mfuko mmoja mmoja juu ya bodaboda, na hakuna askari atakayeweza kuhesabu mifuko hiyo yote. Upande wa kaskazini mashariki biashara ni kubwa zaidi. Sukari kutoka nchi za mbali imekuwa ikishushwa bandari ya Kismayu, Somalia, na kuvushwa hadi Garissa na Dadaab. Novemba 2015 ripoti ya shirika la Journalists for Justice ilidai kwamba baadhi ya maafisa wa jeshi la Kenya walikuwa na mkono katika biashara hiyo. Jeshi lilikanusha.

Kwa hiyo kusema kwamba kinga ililinda wakulima si sahihi. Iliweka bei juu, na mlaji wa Nairobi, Mombasa na Kisumu akailipa kila alipokoroga chai. Pengo hilo la bei liligawanywa na wengi kabla halijafika shambani.

Karatasi ya malipo

Kuona kwa nini halikufika shambani, inabidi kufuata muwa mmoja tangu unapopandwa. Chini ya mkataba wa kawaida kiwanda humlimia mkulima shamba, humpa mbegu na mbolea, na miwa ikikomaa hupeleka watu wa kukata na trekta la kubeba. Gharama zote hizo, pamoja na riba, huandikwa kwenye akaunti ya mkulima na kukatwa siku ya malipo. Usafiri nao ni juu yake, hivyo aliye mbali na kiwanda hulipa zaidi kwa barabara mbovu ambayo hakuiharibu yeye.

Miwa ikishakatwa huanza kukauka. Ikikaa siku 3 au 4 kando ya barabara kwa sababu trekta limeharibika au kiwanda kimesimama, uzito hupungua na utamu pia. Hasara hiyo ni ya mkulima. Kwenye mizani hasimami yeye. Ndipo hupokea karatasi inayoonyesha tani, makato na salio, na wapo wengi waliowahi kupokea karatasi inayosema kwamba, baada ya miezi 20 ya kungoja, wao ndio wanaodaiwa na kiwanda.

Hata salio likiwapo, fedha zenyewe huchelewa. Deni la viwanda vya serikali kwa wakulima lilifika mabilioni ya shilingi, na mwaka 2018 ilibidi Rais Uhuru Kenyatta aingilie kati na kuamuru Hazina ilipe. Mkulima mwenye ekari 2, aliyezipanda miwa zote, hana mahindi ya kula wakati akisubiri. Hilo ni jambo ambalo halitajwi mara kwa mara katika mikutano ya biashara. Sehemu za ukanda wa miwa zimekuwa na upungufu wa chakula kwenye ardhi yenye rutuba na mvua ya kutosha, kwa sababu ardhi iko chini ya zao lisiloliwa na lisilolipa kwa wakati. Kinamama, ambao ndio wanaopalilia, mara nyingi hata jina lao haliko kwenye mkataba.

Ndiyo maana viwanda binafsi vilipoanza kuenea, kuanzia West Kenya huko Kabras hadi Kibos, Butali, Transmara na Sukari Industries, wakulima waliokuwa na mkataba na viwanda vya serikali walianza kuwauzia wageni hao miwa yao usiku. Viwanda vya zamani viliuita wizi wa miwa, na kwa upande wa sheria walikuwa na hoja, kwani mbolea ilikuwa yao. Lakini mkulima alimuuzia aliyelipa ndani ya wiki. Wengine walipeleka kwa wenye vinu vidogo vya sukari guru, ambao hulipa bei ya chini lakini hulipa papo hapo.

Matokeo yake ni kwamba hakuna kiwanda kilichotaka tena kumkopesha mkulima mbegu na mbolea, kwa vile mwingine angevuna. Mashamba yakachakaa. Miwa ikaanza kukatwa ikiwa michanga, na muwa mchanga hauna sukari. Julai 2023 serikali ililazimika kusimamisha usagaji kwa miezi kadhaa ili miwa ikomae. Uzalishaji wa mwaka huo ulianguka hadi takriban tani 470,000, kutoka karibu tani 800,000 mwaka 2022, na bei ya kilo ikavuka shilingi 200 madukani. Tani ya miwa nayo ilipita shilingi 6,000. Mwaka 2024 mvua na mbolea ya ruzuku vilisaidia, uzalishaji ukapanda hadi zaidi ya tani 800,000, na bei ya miwa ikashuka chini ya shilingi 5,000. Julai 2025 usagaji ulisimamishwa tena katika eneo la magharibi kwa sababu ile ile ya miwa michanga. Kenya hutumia zaidi ya tani milioni 1 kwa mwaka, kwa hiyo hata mwaka mzuri sukari ya nje inahitajika.

Uganda, jirani asiyeaminiwa

Katika hali hiyo Uganda inapaswa kuwa suluhisho. Ina Kakira, Lugazi na Kinyara, ina viwanda vipya vingi eneo la Busoga, na huzalisha zaidi ya inavyotumia. Kama mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki sukari yake inapaswa kuvuka bila ushuru. Badala yake imekuwa chanzo cha ugomvi wa mara kwa mara. Kenya imekuwa ikishuku kwamba sehemu ya sukari inayoandikwa ya Uganda ni ya nchi nyingine iliyobadilishiwa mfuko. Uganda imekuwa ikikana, ikisema kwamba Kenya hutumia vibali kama ukuta. Makubaliano ya Agosti 2015 kati ya Rais Yoweri Museveni na Rais Kenyatta yaligeuzwa silaha ya kisiasa na upinzani nchini Kenya. Julai 2020 Kenya ilisimamisha vibali vya kuingiza sukari.

Kinachochekesha, kama si kusikitisha, ni kwamba wakati maafisa wakibishana juu ya sukari, miwa yenyewe ilikuwa ikivuka. Wakulima wa Busoga waliokosa soko wakati miwa yao ilipozidi uwezo wa viwanda vya Uganda walipata wanunuzi upande wa Kenya. Viwanda vya Busia vilikuwa na njaa ya miwa, na mpaka haukuwa mbali. Wakulima wa Kenya walilalamika kwamba miwa hiyo inashusha bei yao. Hesabu ya mkulima wa Busoga ilikuwa sawa na ya yule wa Mumias aliyeuza usiku.

Tanzania, ambayo ilijitoa COMESA mwaka 2000, haimo katika mgogoro huo, ingawa nayo imejenga kuta zake kuvilinda viwanda vya Kilombero, Mtibwa, Kagera na TPC. Mwanzoni mwa 2024, mvua kubwa zilipozuia uvunaji, sukari iliadimika huko pia na bei ikapaa.

Viwanda vya kukodi

Hatua ya Mei 2025 ilitimiza, kwa kuchelewa, sharti la kwanza la COMESA. Nzoia ilikwenda kwa West Kenya Sugar, Chemelil kwa Kibos Sugar, Sony kwa Busia Sugar Industry na Muhoroni kwa West Valley Sugar. Kabla ya hapo bunge lilikuwa limeidhinisha kufutwa kwa madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 100 ya sekta hiyo. Sheria ya Sukari ya 2024 ilirudisha Bodi ya Sukari ya Kenya, ikaweka tozo ya asilimia 4 kwa sukari ya ndani na ya nje, na kugawa maeneo ya miwa ili kila kiwanda kijue miwa yake iko wapi.

Mgawanyo huo wa maeneo ndio unaohitaji kutazamwa kwa makini zaidi. Kwa upande mmoja utawapa wawekezaji sababu ya kumkopesha tena mkulima mbolea, kwa vile hakuna atakayevuna wasichopanda. Kwa upande mwingine unamwondolea mkulima silaha pekee aliyokuwa nayo, yaani kumpelekea mwingine miwa yake asipolipwa. Ahadi za malipo ya kila wiki zimesikika. Mumias, iliyofufuliwa chini ya kampuni ya Sarrai kutoka Uganda, ilitoa bonasi kwa wakulima wake Januari 2025, jambo ambalo sekta hiyo ilikuwa haijalizoea. Lakini bonasi ni hiari ya anayetoa. Malipo ya miwa iliyokwisha kupimwa ni deni, na sheria isipokuwa na meno ya kulidai deni hilo, mkulima aliyefungiwa katika eneo moja atakuwa amerudi alikokuwa miaka ya tisini, akiwa na mwajiri mmoja na mizani moja.

Vivyo hivyo kwa sukari ya COMESA. Kikomo cha tani kikishaondoka, thamani ya kibali hupungua, na hilo ni jema kwa mlaji na baya kwa waliozoea kuishi kwa vibali. Kwa mwekezaji aliyekodi Chemelil au Nzoia maana yake ni kwamba hana miaka mingine 20 ya kujipanga. Sukari ya Zambia na Malawi bado hulipa gharama kubwa ya safari hadi Nairobi, na gharama hiyo ndiyo kinga pekee ya kudumu aliyo nayo kiwanda cha Kenya dhidi yake. Dhidi ya Kakira hana hata hiyo.

Miwa iliyopandwa baada ya mikataba ya Mei 2025 itakuwa tayari kukatwa kati ya mwishoni mwa 2026 na katikati ya 2027. Agosti 2027 Kenya inafanya uchaguzi mkuu. Ikiwa mvua itapungua na bei ya dukani ikapanda miezi hiyo, shinikizo la kufungua bandari kama ilivyokuwa 2017 litakuwapo, wakati huo huo ambapo wakulima wa Bungoma na Awendo watakuwa wakipeleka mavuno yao ya kwanza kwa wenye viwanda wapya.